Wasiwasi wa Kutafuta Mtoto: Namna ya Kuupangia Mwezi Wako

Neno linalowaumiza zaidi wanaotafuta mtoto husemwa na watu wanaowapenda: "Tulia tu, utashika." Msemaji ana nia njema, lakini anayeambiwa hubaki na mzigo wa pili. Awali alikuwa na hofu ya kukosa mimba, na sasa anaiogopa hofu yenyewe, akiamini kwamba kila usiku aliokosa usingizi umemfukuza mtoto.

Tuliweke hili sawa kabla ya hatua ya kwanza. Mwaka 2011 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa tafiti 14 zilizohusisha wanawake 3,583 waliokuwa wakipandikizwa mimba hospitalini. Walioanza matibabu wakiwa na wasiwasi au huzuni nyingi walipata mimba kwa kiwango kilekile cha waliokuwa watulivu. Ni kweli msongo mzito sana, hasa ukiambatana na kutokula, kukonda au mazoezi ya kupita kiasi, unaweza kusimamisha upevukaji wa yai. Lakini hapo mwili hutoa taarifa: hedhi inapotea au inavurugika. Kama hedhi yako inakuja kwa mpangilio wake, acha kujishitaki kwa ajili ya mawazo. Tunautibu wasiwasi kwa sababu unakunyima usingizi, hamu ya kula, raha ya ndoa na akili ya kufanya maamuzi. Hiyo inatosha kuwa sababu. Utulivu si bei unayolipa ili upewe mtoto.

Hatua ya 1: Andika tarehe, usihesabu miezi kichwani

Wasiwasi hunenepa pale ambapo kusubiri hakuna mwisho. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya karatasi na kalamu.

Fahamu kwanza uwezekano halisi. Wanandoa vijana wasio na tatizo lolote, wakikutana siku zinazofaa, wana nafasi ya kama moja kati ya nne au tano ya kushika mimba katika mwezi mmoja. Maana yake, kukosa mwezi huu ndiyo matokeo ya kawaida hata kwa wenye afya kamili. Lakini miezi ikijumlishwa picha inabadilika: katika wanandoa 100 ambao mwanamke yuko chini ya miaka 40 na wanakutana mara kwa mara bila kinga, zaidi ya 80 hupata mimba ndani ya mwaka mmoja, na karibu nusu ya waliobaki huipata mwaka wa pili.

Sasa andika tarehe ya kwenda hospitali. Mwanamke akiwa chini ya miaka 35, ni baada ya miezi 12 ya kujaribu. Akiwa na 35 au zaidi, ni baada ya miezi 6. Msisubiri kabisa ikiwa hedhi inakuja chini ya siku 21 au zaidi ya 35, ikiwa imepotea miezi mitatu, ikiwa maumivu yake yanakulaza kitandani, ikiwa uliwahi kuugua maambukizi ya nyonga au mimba kutunga nje ya kizazi, au ikiwa mwanamume aliwahi kufanyiwa upasuaji wa korodani, korodani zake hazikushuka utotoni, au alitibiwa saratani.

Waliotoka kwenye sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu, wana hesabu yao. Kwa wastani mimba hupatikana kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho, na wengine huchelewa zaidi ya hapo. Sindano haijaharibu kizazi. Dawa inatoka mwilini taratibu. Vijiti, kitanzi na vidonge havina ucheleweshaji huo. Wanawake wengi wanalia mwezi wa tatu baada ya sindano kwa sababu tu hakuna aliyewaambia hili pale kliniki.

Tarehe ikishaandikwa, bandika karatasi ndani ya mlango wa kabati. Swali la "je, nina tatizo?" likija usiku, jibu lake liko pale: litajibiwa tarehe hiyo, kwa vipimo.

Hatua ya 2: Gawa mwezi katika vipande, kila kimoja na kanuni yake

Wasiwasi huu una ratiba. Unapanda siku za hatari, unakuwa mkali wiki ya mwisho kabla ya hedhi, unaporomoka kuwa majonzi siku damu inapoanza, kisha unajificha siku chache. Ukijua ratiba yake, unauwahi.

*Siku za hatari.* Yai likitoka huishi saa 12 hadi 24. Mbegu za kiume zinaweza kuishi ndani ya mwanamke hadi siku 5. Kwa hiyo dirisha ni kama siku 6 zinazoishia siku yai linapotoka. Kosa kubwa ni kudhani kila mwanamke hupevusha yai siku ya 14. Kinachokaribia kuwa thabiti ni kipindi cha baada ya yai kutoka, kama siku 14, kwa hiyo toa 14 kwenye urefu wa mzunguko wako: mwenye siku 28 anaangukia siku ya 14, mwenye siku 32 siku ya 18. Programu za simu zinakisia kwa hesabu hiyohiyo, hazioni ndani ya tumbo. Ute unaovutika, mwepesi na wa kuteleza kama ute wa yai bichi, ni dalili bora kuliko kengele ya simu.

Kwa mtu mwenye wasiwasi, kanuni yetu ni rahisi: kutaneni kila baada ya siku 2 au 3 tangu damu inapokata. Ukifanya hivyo huwezi kulikosa dirisha, na huhitaji kujua saa wala siku. Vijiti vya kupima homoni ya kupevusha yai vinasaidia baadhi ya watu, lakini kama unajikuta unapima mara nne kwa siku na kupiga picha kila mstari, viweke pembeni miezi miwili. Wenye vifuko vingi kwenye ovari hasa wavitumie kwa tahadhari, kwa sababu homoni hiyo inaweza kuwa juu wakati wote na kipimo kikadanganya.

*Wiki mbili za kusubiri.* Hapa ndipo watu wengi huumia, kwa hiyo tukae kidogo.

Baada ya yai kutoka, mwili hutengeneza projesteroni, uwe umeshika mimba au hujashika. Homoni hiyo ndiyo inayofanya matiti yaume, tumbo lijae, choo kiwe kigumu, usingizi uje mchana na hasira ziwe karibu. Zote hizo ni dalili ambazo mtandao unaziita dalili za mimba changa. Ndiyo maana kujikagua hakukupi habari yoyote: mwezi wenye mimba na mwezi usio na mimba hufanana kabisa katika siku hizi. Kubonyeza matiti kila asubuhi kutayafanya yaume zaidi, basi.

Kanuni za kipindi hiki ni hizi. Hakuna kujikagua kwa mikono. Hakuna kutafuta kwenye simu "dalili za mimba ya siku 5". Ukitazama video moja utaletewa nyingine arobaini, na kila moja itakuwa na dalili ambayo leo unayo. Panga tangu mapema shughuli tatu zenye tarehe, zinazohusisha watu au mikono: kusuka nywele, kumtembelea shangazi, kupanga upya duka, zamu ya kwaya, darasa la madrasa. Shughuli iwe na mtu anayekusubiri, maana "nitajishughulisha" bila miadi huishia kitandani na simu.

Na usijifanye mgonjwa. Kulala chali siku nzima, kuacha kuinama, kuogopa bajaji au ngazi hakushikishi mimba. Kunakupa tu saa nyingi za kuwaza. Endelea na kazi zako na matembezi ya kasi ya dakika 30 siku nyingi za wiki.

*Siku ya kupima.* Amua tarehe sasa, mwezi ukiwa bado mchanga: siku ya kwanza ambayo hedhi imechelewa. Mzunguko wako ukiwa hautabiriki, pima siku 21 baada ya kukutana mara ya mwisho. Kiinitete kwa kawaida hujishikiza siku ya 8 hadi ya 10 baada ya yai kutoka, na homoni ya mimba huanza kupanda hapo tu. Ukipima siku ya 9, jibu la "hakuna" halina maana yoyote, lakini moyo wako utalipokea kama hukumu. Tena kupima mapema kunafichua mimba ambazo zingepita bila kujulikana: utafiti uliochapishwa mwaka 1988, uliofuatilia mkojo wa wanawake kila siku, ulikuta kwamba kama mimba 22 katika kila 100 hupotea kabla mwanamke hajatambua kwamba alikuwa nayo.

Vipimo vya karatasi ni vya bei ndogo, na hilo ndilo tatizo: watu hununua vitano. Nunua kimoja, na siku hiyohiyo ya kupima. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi. Zamisha ncha hadi kabla ya alama ya mwisho, kwa sekunde zilizoandikwa kwenye pakiti, kisha kilaze mahali tambarare. Weka saa ya simu. Soma dakika ya 5, na baada ya dakika ya 10 kitupe. Mstari hafifu wenye rangi uliotokea ndani ya muda huo ni mimba. Kivuli cha kijivu kilichojitokeza baada ya karatasi kukauka si kitu, na ni kivuli hicho kinachowafanya watu waliokirudia kipimo kwenye ndoo ya taka waishi siku tatu kwenye matumaini yasiyo na msingi. Ikiwa jibu ni hapana na hedhi haijaja, pima tena baada ya siku 3. Ikiwa ni ndiyo, na kuna maumivu makali upande mmoja wa tumbo, damu au kizunguzungu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Inaweza kuwa mimba iliyotunga nje.

*Siku damu inapoanza.* Usiipangie kazi ya kishujaa. Kubalianeni mapema namna ya kumjulisha mwenzako, labda ujumbe wa neno moja, ili usilazimike kulitamka ukiwa kazini. Lia ukitaka kulia. Halafu kuna katazo moja: kwa saa 48 hakuna uamuzi mkubwa. Hakuna kuagiza dawa mtandaoni, kuhama daktari, kujadili kama ndoa hii ina maana, wala kukubali safari ya kwa mganga iliyopendekezwa na jirani. Maamuzi ya siku hii ndiyo yanayokula akiba ya watu.

Hatua ya 3: Zana mbili za mwili na akili

Hazifanani na dawa ya maumivu. Zinafanya kazi zikishazoeleka, kwa hiyo anza kuzijaribu siku ambayo huna hofu.

Ya kwanza ni pumzi ndefu ya kutoka. Kaa, weka mkono tumboni. Vuta hewa puani kwa hesabu ya 4, tumbo liinuke, si mabega. Toa mdomoni kwa hesabu ya 6. Hiyo ni pumzi 6 kwa dakika. Fanya dakika 5, asubuhi na jioni. Wanaolalamika kwamba inawatia kizunguzungu na ganzi vidoleni huwa wanavuta hewa nyingi mno, kwa nguvu. Hewa ukaa ikipungua mwilini, kichwa kinakuwa chepesi na mtu anadhani anazimia. Punguza kiasi cha hewa, urefu ubaki uleule.

Ya pili ni saa ya kuwaza. Chagua dakika 15 hadi 20 za kila siku, mahali pamoja, mbali na kitanda. Saa 11 na nusu jioni inawafaa wengi. Chukua daftari, gawa ukurasa safu mbili. Kushoto andika hofu yenye la kufanya, kulia ile isiyo na la kufanya. "Labda mirija imeziba" inakwenda kushoto, na chini yake unaandika tendo: nitaulizia kipimo cha mirija tarehe fulani. "Wifi atajifungua wa tatu mimi nikiwa bado" inakwenda kulia. Hiyo haina tendo, ina uchungu tu, na inatosha kuiandika na kuiacha iume. Muda ukiisha, funga daftari. Hofu ikija saa 4 asubuhi uko kazini, iandike mstari mmoja kwenye karatasi na uiambie zamu yake ni jioni.

Wiki ya kwanza mawazo hayatatii. Yatakuja wakati wowote na utaona zoezi hili halifai. Endelea, baada ya wiki mbili hivi akili huanza kuelewa kwamba hazuiwi mtu kuwaza, ila wakati wake upo. Kinachoharibu zoezi ni kulifanya kitandani, au kulirefusha hadi saa nzima.

Usiku ukiamka na usingizi usirudi kwa kama dakika 20, toka kitandani. Kaa sehemu yenye mwanga hafifu, soma kitu kisichohusu uzazi, au fanya dhikri, au rozari, au sala fupi. Simu ibaki chumba kingine. Angalia pia unachokunywa: kafeini huongeza mapigo ya moyo na hukaa mwilini saa nyingi. Usizidishe miligramu 200 kwa siku, yaani kama vikombe viwili vya kahawa, na hesabu chai ya rangi pamoja na vinywaji vya kuongeza nguvu. Kopo la mililita 250 la vinywaji hivyo lina kama miligramu 80.

Hatua ya 4: Mwenzako

Kikao kimoja kwa wiki, dakika 20, siku maalumu. Hapo ndipo mnaongea habari za kutafuta mtoto: hela, vipimo, ndugu, hofu. Nje ya hapo, ninyi ni mume na mke. Nyumba nyingi mada hii huingia kwenye kila mlo hadi mwanamume anaanza kuchelewa kurudi, na mwanamke anatafsiri kwamba hajali.

Ujumbe wa "leo ndiyo siku, usichelewe" unavunja wanaume wengi. Uume kushindwa kusimama siku za hatari ni jambo la kawaida kwa mtu aliyepangiwa saa, na hutoweka shinikizo likiondoka. Ule utaratibu wa kila siku 2 hadi 3 unaliondoa shinikizo hilo. Mwanamume asikimbilie sindano au vidonge vya nguvu za kiume visivyojulikana vina nini. Vyenye testosteroni, yaani homoni ya kiume, huzima utengenezaji wa mbegu, hivyo anayetafuta mtoto anajifungia mlango kwa mkono wake.

Kipimo cha mbegu kifanyike mapema, kabla mwanamke hajapitishwa kwenye vipimo vinavyouma. Sababu za upande wa mwanamume huhusika katika karibu nusu ya wanandoa wenye tatizo, peke yake au pamoja na za mwanamke. Anajizuia siku 2 hadi 7, anatoa sampuli yote kwenye kikopo cha maabara, bila mate, mafuta wala kondomu ya kawaida, na sampuli inafika maabara ndani ya saa moja ikiwa imewekwa karibu na mwili. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani (WHO) vya mwaka 2021, vya chini vinavyokubalika ni ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, na asilimia 42 ziwe zinajongea. Majibu yakiwa chini ya hapo, hayo si hukumu. Mbegu huchukua zaidi ya siku 70 kutengenezwa, kwa hiyo malaria kali ya miezi miwili iliyopita inaweza kuonekana kwenye kipimo cha leo. Rudieni baada ya miezi mitatu.

Hatua ya 5: Ndugu, shughuli na maswali

"Mbona kimya?" "Mnasubiri nini?" "Mjukuu wangu yuko wapi?" Maswali haya hayaishi, kwa hiyo jibu liandaliwe mapema na liwe lilelile kila mara. Jibu linalobadilika hualika swali lingine.

Kanuni yetu: kila mtu ajibu kwao. Mama mkwe ajibiwe na mwanawe, kwa heshima na bila kuacha mwanya: "Mama, hili ni letu wawili na tunalishughulikia. Ukiwa na swali, niulize mimi." Mwanamke akiulizwa yeye, inatosha: "Mama, tunaendelea kumwomba Mungu, na tuko kwenye utaratibu. Jambo likiwepo utalisikia." Kwa wifi au jirani, fupi zaidi: "Tuombeeni tu." Halafu badilisha mazungumzo kwa kuuliza habari zake. Usieleze vipimo, usitaje miezi, usimtaje mwenye tatizo. Habari ya kizazi ikishatoka nje ya chumba hairudi.

Chagua mtu mmoja tu wa nje anayejua kila kitu. Mmoja, mwenye kifua.

Arobaini ya mtoto, sherehe ya kumpongeza mama mtarajiwa, ubatizo, akika: una ruhusa ya kutuma mchango na zawadi na usiende. Ukilazimika, nenda mapema, shika kazi ya jikoni au ya kugawa vinywaji, na uwe na sababu ya kuondoka baada ya saa moja. Makundi ya WhatsApp yenye picha za watoto yanyamazishe bila kujitoa. Kujitoa kunaleta kesi.

Lawama zikigeuka matusi, kufukuzwa au kipigo, hapo hatuzungumzii wasiwasi tena. Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi, na hospitali yoyote ya serikali inapaswa kukupokea.

Hatua ya 6: Funga mfuko

Mtu mwenye hofu ananunua. Wauzaji wa dawa za kusafisha kizazi, za kuzibua mirija na za kutoa chango wanalijua hilo vizuri, na ndiyo maana matangazo yao yanaanza na orodha ya dalili ambazo kila mwanamke anazo. Kizazi hakihitaji kusafishwa. Vitu vinavyowekwa ukeni vinaua bakteria walinzi na kufungua njia ya maambukizi, na maambukizi yakipanda juu ndiyo yanayoziba mirija.

Kabla ya kulipa, uliza maswali matatu: Ndani kuna nini? Inatibu tatizo lipi ambalo mimi nimepimwa nikaonekana ninalo? Ikinidhuru, nani anawajibika? Likikosekana jibu la moja, usilipe. Hata klomifeni, inayofahamika kwa jina la Clomid na ambayo ni dawa halali, isinunuliwe dirishani bila kipimo: inamsaidia asiyepevusha yai, haimfai mwenye mirija iliyoziba, na inaongeza mimba za mapacha.

Kinachostahili hela yako mwezi huu ni foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku tangu kabla ya mimba, inayomkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo. Mwenye kisukari, selimundu, anayetumia dawa za kifafa, au aliyewahi kupata mtoto mwenye kasoro hiyo aulize kuhusu dozi kubwa ya miligramu 5.

Maombi na matibabu viende pamoja. Anayekuambia uache kimoja ili kingine kifanye kazi, jihadhari naye.

Hatua ya 7: Jua wasiwasi umevuka mpaka lini

Kuna dodoso la maswali 7 liitwalo GAD-7, lipo kwa Kiswahili na limepimwa ubora wake Kilifi, Kenya. Linauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: kuhangaika, kushindwa kuzuia mawazo, kushindwa kutulia, kukasirika haraka, kuhisi jambo baya litatokea na kadhalika. Kila swali lina alama 0 hadi 3. Jumla ya 5 hadi 9 ni wasiwasi mdogo, 10 hadi 14 ni wa kati, 15 na kuendelea ni mkali. Ukifika 10, tafuta mtaalamu. Lijaze siku za katikati ya mzunguko, si siku ya damu.

Watu wakisikia afya ya akili wanaiona Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma. Huhitaji kwenda mbali hivyo. Anzia hospitali ya wilaya au ya mkoa, na omba kwanza vipimo viwili: wingi wa damu na homoni ya tezi ya shingo. Upungufu wa damu na tezi inayofanya kazi kupita kiasi huleta mapigo ya moyo, kutetemeka na uchovu vinavyofanana kabisa na wasiwasi, na tezi inaweza pia kuvuruga hedhi. Tiba ya mazungumzo haihitaji miaka: mpango wa WHO wa vikao 5 vya kila wiki ulijaribiwa Nairobi ukitolewa na wahudumu wa afya ya jamii waliofundishwa, na uliwapunguzia wanawake mfadhaiko.

Kama tayari unatumia dawa ya sonona au wasiwasi, usiiache ghafla kwa sababu unatafuta mtoto. Kuna zinazoruhusiwa, na daktari anaweza kukubadilishia. Ila anayetumia valproeti, ya kifafa au ya kutuliza hisia, amwone daktari kabla ya kuanza kujaribu kushika mimba, kwa kuwa inaweza kumdhuru mtoto sana. Hiyo nayo asiiache mwenyewe. Diazepamu ya kununua dukani ili ulale usiizoee.

Yakija mawazo ya kujidhuru, usibaki peke yako. Mwambie mtu mmoja leo, dawa na sumu za shambani zitolewe nyumbani, na muende hospitali bila kusubiri kesho.

Hatua ya 8: Siku ya kliniki

Nendeni wawili. Bebeni karatasi moja yenye: tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi sita zilizopita, idadi ya siku za damu, uzazi wa mpango uliotumika na lini uliacha, mimba zilizowahi kutunga au kutoka (hata ile ambayo mume mpya haijui, omba dakika tano peke yako na daktari), magonjwa ya zinaa yaliyotibiwa, upasuaji, dawa zote pamoja na za mitishamba, na majibu ya vipimo vya zamani. Ukurasa mmoja utakusaidia siku ambayo ulimi umekauka.

Kabla ya kunyanyuka kwenye kiti, pata majibu ya maswali manne na uyaandike hapo hapo: kipimo kinachofuata ni kipi, kinafanyika siku ya ngapi ya mzunguko, kinagharimu shilingi ngapi, na majibu nitayapata lini. Swali la pili lisisahaulike. Kipimo cha mirija, kwa mfano, hufanyika damu ikishakata na yai kabla halijatoka, kwa kawaida kati ya siku ya 7 na ya 10, na aliyeondoka bila kuuliza hurudi siku ya 15 akaambiwa asubiri mwezi ujao.